Mpira wa Mafiga: Mwongozo Kamili wa Kuunda na Kucheza Voliboli ya Timu Tatu Uani

Wanaojaribu kubuni voliboli yao ya uani hapa Malindi hukwama pale pale. Nguzo huanza kulala kabla jioni haijaisha, timu dhaifu huandamwa hadi wachezaji wake wakaketi pembeni, na kila mzozo huzaa kanuni mpya mpaka hakuna anayezikumbuka zote. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya matatizo hayo matatu.

Mchezo wenyewe ni huu: uwanja ni duara lililogawanywa na nyavu tatu zinazokutana kwenye nguzo ya kati, na timu tatu hucheza kwa wakati mmoja. Kila sehemu ya duara tutaiita figa. Tumebadilisha jambo moja tu la voliboli, yaani idadi ya timu, na kanuni nyingine zote mpya zinatokana na badiliko hilo. Anayebadilisha wavu, mpira, alama na idadi ya miguso kwa mpigo hawezi kujua ni kipi kilichouharibu mchezo wake.

## Vifaa

Kusanya vifaa vyote kabla ya kuchimba shimo lolote, kwa sababu nguzo iliyosimamishwa bila kamba ya kuishikilia hulegea kwenye mchanga na haikazi tena vizuri.

- Nguzo 4 za mvinje zilizonyooka, kila moja mita 3. Boriti kuukuu za mkoko pia zinafaa, lakini ukitaka mpya nunua kwa muuzaji mwenye leseni. Usiingie mkokoni kukata mwenyewe.
- Kamba ya nailoni yenye unene wa milimita 8, jumla ya mita 50.
- Wavu kuukuu wa uvuvi wa nyuzi nene, unaotosha kukatwa vipande 3 vya urefu wa mita 4 na upana wa sentimita 60.
- Magunia 3 matupu ya kujaza mchanga, na mengine 2 ya kukata tepe za mistari.
- Godoro la sponji lililochakaa, au mkeka mnene, wa kuzungushia nguzo ya kati.
- Mpira wa voliboli. Mpira rasmi una mzingo wa sentimita 65 hadi 67 na uzito wa gramu 260 hadi 280. Usicheze na mpira wa miguu, ambao ni mzito zaidi na huumiza mikono ya wanaojifunza.
- Vitambaa 3 vya rangi tofauti, kila kimoja urefu wa mkono. Vipande vya leso kuukuu vinatosha.
- Futi ya fundi, pimamaji, jembe, koleo, nyundo, reki na vigingi 10.

Kuhusu wavu, nenda ufukweni ukawaulize wavuvi, maana mara nyingi huwa na vipande vilivyochakaa wasivyovihitaji. Kagua kila jicho la wavu kwa mkono, polepole, utoe ndoana, chubwi za risasi na maboya. Kisha uroweke katika maji baridi yasiyo ya chumvi, uusuuze na kuuanika, la sivyo chumvi na harufu ya samaki vitabaki mikononi mwa wachezaji. Usichukue wavu wa uzi mwembamba wa plastiki unaong'aa, kwa sababu mchezaji akiurukia kwa kasi uzi huo hukata vidole.

## Hatua ya 1: Chagua mahali

Unahitaji nafasi ya upana wa mita 12 hadi 13. Nyua nyingi za mitaa ya Barani na Maweni zina nafasi hiyo ukiondoa baiskeli, kamba za nguo na mabanda ya kuku.

Tazama juu kwanza. Usiweke uwanja chini ya mnazi wenye nazi zilizokomaa. Nazi ikidondoka kutoka juu inaweza kuvunja fuvu, na upepo hauangalii nani yuko chini. Ikiwa hakuna mahali pengine, mwite mkwezi aangue nazi zote na makuti makavu kabla ya siku ya kwanza. Vilevile epuka nyaya za umeme, hata kama zinaonekana kuwa juu sana.

Kisha tazama chini. Pitisha reki mara mbili, mara ya kwanza kutoka kaskazini kwenda kusini na mara ya pili kutoka mashariki kwenda magharibi, kwa sababu vipande vya chupa na mawe ya matumbawe hujificha chini ya mchanga laini. Uani mwenye maua ya boganvilia, fagia miiba yake mbali na uwanja kila siku ya mchezo. Kisima kifunikwe kwa mfuniko mzito unaoweza kubeba mtu mzima. Kisipofunikika, mchezo usichezwe hapo.

Ukuta wenye vipande vya chupa juu yake uwe mbali na mstari wa uwanja kwa mita 3 au zaidi, na mkubaliane tangu mwanzo kwamba mpira ukivuka ukuta hakuna anayeparamia: mtu hupita mlangoni kwa jirani na kubisha hodi.

Umefaulu katika hatua hii iwapo unaweza kutembea uwanja mzima bila viatu, ukiwa umetazama juu, bila kusita.

## Hatua ya 2: Pima duara na uligawe sawasawa

Hapa ndipo wengi hukadiria kwa macho, kisha timu moja hupata figa dogo na kulalamika jioni nzima. Kupima si kazi ngumu.

Piga kigingi mahali pa nguzo ya kati. Funga kamba yenye urefu wa mita 4 kamili, ishike mwisho wake ikiwa imekazwa, na uzunguke ukichora duara mchangani. Kwa wachezaji wawili wawili, mita 4 zinatosha; kwa watatu watatu, tumia mita 5 na uongeze vipimo vingine vya uwanja kwa uwiano huohuo.

Sasa tafuta mashariki na upige kigingi kwenye mstari wa duara upande huo. Kutoka kigingi hicho, pima mita 4 zilezile kwa kamba iliyonyooka hadi inapokutana tena na mstari wa duara, uweke alama. Endelea hivyo ukizunguka. Utapata alama 6 na ya mwisho itakurudisha kwenye kigingi cha kwanza. Chukua alama moja, ruka moja, chukua nyingine: hizo 3 ndizo njia za nyavu zako.

Hakiki kwa kupima umbali kati ya alama hizo tatu. Kila umbali uwe karibu mita 6 na sentimita 93. Ukiona tofauti inayozidi sentimita 10, kamba yako ilikuwa ikilegea, rudia.

Sababu ya kuanzia mashariki ni jua. Malindi iko karibu sana na ikweta, kwa hiyo jua la alasiri huzama upande wa magharibi mwaka mzima bila kuhama sana. Wavu mmoja ukielekea mashariki, hakuna figa linalokaa mashariki hasa, na hivyo hakuna timu inayolazimika kucheza ikilikabili jua moja kwa moja.

## Hatua ya 3: Simamisha nguzo

Hatua hii inataka subira kuliko zote, kwa kuwa mchanga wa pwani haushiki nguzo kwa hiari yake.

Paka oili chafu sehemu zitakazoingia ardhini ili mchwa wasizile, na uziache zikauke. Chimba shimo la kati lenye kina cha sentimita 80, uweke nguzo, kisha urudishe mchanga kwa tabaka za sentimita 15. Mwagia kila tabaka maji na uishindilie kwa mti kabla ya kuongeza nyingine. Mchanga mkavu uliomiminwa wote kwa mara moja huacha mapengo, na nguzo hucheza kama jino bovu. Tumia pimamaji katika pande mbili. Nguzo ya kati haihitaji kamba ya ziada, kwa sababu nyavu tatu zitaivuta kwa nguvu sawa katika pande tatu.

Nguzo za nje ni jambo jingine, maana kila moja huvutwa upande mmoja tu. Zisimamishe nusu mita nje ya mstari wa duara, kwa kina kilekile cha sentimita 80, zikiinama kidogo sana kuelekea nje. Kisha ifungie kila nguzo nanga ya gunia:

1. Chimba shimo la sentimita 70 nyuma ya nguzo, umbali wa mita 2.
2. Jaza gunia mchanga, ulifunge mdomo, ulizungushie kamba katikati na ulilaze shimoni.
3. Fukia na ushindilie, ukiacha kamba itokeze kwa mshazari kuelekea kichwa cha nguzo.
4. Ifunge kamba hiyo juu ya nguzo na uikaze.

Kigingi kitupu kwenye mchanga huchomoka siku ya kwanza. Gunia lililozikwa linazuiwa na uzito wa mchanga wote ulio juu yake, na kadiri unavyolivuta ndivyo linavyozidi kugandamana. Pale ambapo mwembe au mkorosho mkubwa umesimama mahali panapofaa, funga kamba kwenye shina lake juu ya kipande cha gunia ili usilichubue. Usifunge kamwe kwenye ukuta wa mawe usio na nguzo za zege, kwa kuwa mvuto wa kila siku utaupasua.

Zungushia nguzo ya kati sponji kuanzia ardhini hadi urefu wa mtu mzima, na kwenye kila kamba ya nanga uning'inize kitambaa cheupe ili mtu anayekimbia aione.

Ukiwa umefaulu, mtu mzima anaweza kuitegemea nguzo ya nje kwa bega na isisogee.

## Hatua ya 4: Tundika nyavu, tandika mistari

Voliboli rasmi huweka wavu kwenye mita 2.43 kwa wanaume na mita 2.24 kwa wanawake. Uani, mahali ambapo kaka, shangazi na mtoto wa darasa la sita hucheza pamoja, weka mita 2.10. Wavu wa chini kuliko huo humpa mtu mrefu nafasi ya kushindilia mpira chini bila hata kuruka, na mchezo hufa.

Pitisha kamba ya juu kwenye macho ya wavu, ikaze kati ya nguzo mbili, kisha pitisha kamba ya chini. Kaza nyavu tatu kwa zamu, kidogo kidogo. Ukiumaliza wavu mmoja kabla ya mingine, nguzo ya kati italala upande huo. Pima urefu katikati ya kila wavu: usishuke zaidi ya sentimita 5.

Kata magunia kuwa tepe za upana wa sentimita 5 na uzitandike juu ya mstari wa duara, ukizibana kwa vigingi vilivyozama kabisa mchangani. Duara hilo lina mzingo wa karibu mita 25. Usitumie chokaa kwa mistari, kwa sababu hupeperuka na kuchoma macho.

Mwisho, chora duara dogo kwa kamba ya mita 1 kuizunguka nguzo ya kati. Hakuna mchezaji anayeruhusiwa kuingia humo. Mafiga yote hukutana pale kwa ncha nyembamba, na bila katazo hilo watu watatu watagongana vichwa wakiufuata mpira mmoja.

## Hatua ya 5: Jifunzeni kwa awamu tatu

Msianze kuhesabu alama. Kundi linaloanza na alama hugombana kabla halijaujua mchezo.

Awamu ya kwanza, mpira uzunguke upande mmoja tu: figa la kwanza, la pili, la tatu, na tena la kwanza. Kila timu itumie miguso isiyozidi mitatu, na mtu mmoja asiguse mara mbili mfululizo. Endeleeni mpaka mpira uvuke nyavu mara 6 bila kuanguka. Hapo kila mtu atakuwa amezoea mpira unaotoka pembeni, jambo ambalo voliboli ya kawaida haimfundishi.

Awamu ya pili, kila timu iruhusiwe kuchagua itaupeleka wapi, ikiwemo kuurudisha ulikotoka. Mtaona mara moja jinsi timu dhaifu inavyoandamwa. Mwacheni kila mchezaji alione hilo kwa macho yake, kwa sababu ndilo linaloeleza kanuni inayofuata vizuri kuliko maneno.

Awamu ya tatu ni kuongeza alama na vitambaa.

## Hatua ya 6: Kanuni za mchezo

Nani apate alama. Aliyeutuma mpira kwa timu iliyokosea ndiye apataye alama. Timu nyekundu ikiutuma kwa njano na mpira ukaanguka katika figa la njano, nyekundu imepata. Njano ikiupokea lakini ikaupiga nje, ikaukwamisha wavuni au ikatumia mguso wa nne, bado nyekundu imepata. Kanuni hii moja inajibu takriban kila mzozo.

Kanuni ya kitambaa. Huwezi kuifunga timu ileile mara mbili mfululizo. Ukipata alama dhidi ya njano, funga kitambaa chako kwenye nguzo ya nje iliyo kati yenu na njano. Mradi kitambaa kipo hapo, mpira wako ukiifia njano hauhesabiwi. Ukiifunga timu ya tatu, unahamisha kitambaa. Huu ndio moyo wa mchezo, na nawasihi msiuondoe hata kama hodari wenu watalalamika: bila huo, timu ya watoto au ya wageni itaandamwa mpaka iondoke uwanjani.

Sevu, yaani pigo la kuanzisha mpira. Mpira ulipofia, ndiko sevu inakoanzia, iwe alama imehesabiwa au haikuhesabiwa. Hupigwa kwa mkono wa chini, kutoka nyuma ya mstari, kuvuka wavu wowote kati ya miwili. Sevu ikiharibika hakuna alama, na nafasi huenda kwa timu ya kulia.

Nguzo na duara dogo. Mpira ukigonga nguzo ya kati au ukianguka ndani ya duara dogo, unarudiwa. Mpira unaogusa wavu na kuvuka unaendelea.

Ushindi. Wa kwanza kufikisha alama 9 ameshinda, bila sharti la kuzidi kwa mbili. Kwa hesabu hiyo mchezo mmoja hauwezi kupita alama 25, maana wawili wakiwa na 8 na 8, wa tatu humaliza kwa 9. Wanaosubiri wanajua zamu yao haiko mbali.

Kuhama. Kila jumla ya alama ikiongezeka kwa 6, timu zote huhama figa moja upande wa kulia, na kila timu hubeba kitambaa chake na kukifunga kwenye nguzo inayolingana. Kaskazi ikivuma, na vilevile kusi, kuna figa linaloupokea mpira uliosukumwa na upepo na jingine linalopiga dhidi yake. Kuhama ndiko kunakogawa taabu hiyo kwa haki.

Mteueni mtu mmoja asiyecheza awe mwamuzi, asimame karibu na nguzo ya nje ili aone vitambaa. Neno lake liwe la mwisho.

## Hatua ya 7: Jinsi ya kucheza vizuri

Katika kupokea, wachezaji wawili wasisimame sambamba na nyavu zao mbili. Wasimame nyuma, karibu na mstari, mmoja kidogo kushoto na mwingine kulia, kwa sababu mpira mwingi huanguka mahali figa linapopanuka, si kwenye ncha yake.

Mguso wa pili ndio unaoamua. Mwandaaji ageukie wavu mmoja kwa mabega yote mawili, kisha auinue mpira ili mwenzake aupeleke wavu wa pili. Wapinzani huyasoma mabega kabla ya kuutazama mpira, na mara nyingi nusu hatua waliyoikosa inatosha.

Kitambaa huwafunulia wote siri yako: kila mtu anajua ni timu gani unayoweza kuifunga sasa, nayo iko tayari. Kwa hiyo mshambuliaji mzuri huupeleka mpira mrefu na mgumu kwa timu iliyofungwa kitambaa, ingawa hapati alama kwake. Timu hiyo ikihangaika, huutuma mpira popote, na mara nyingi timu ya tatu huvutwa kutoka mahali pake. Mpira ukikurudia, ndipo unapofunga. Wachezaji wakianza kufanya hivyo bila kuambiwa, mchezo umewaingia.

Usiruke kuzuia juu ya wavu kwa mikono iliyovuka upande wa pili. Kwenye ncha za mafiga, mikono hiyo hukutana na nyuso. Anayecheza na dera alifunge kiunoni kwa leso kabla ya kuingia.

## Hatua ya 8: Kurekebisha kwa ajili ya uani mwako

Kwa watoto, ruhusu mguso wa pili udakwe na kurushwa juu tena. Usijaribu kuruhusu mpira udunde mara moja kama wafanyavyo kwenye sakafu, kwa kuwa mchanga haudundishi.

Punguza upepo wa mpira mpaka kidole gumba kizame kidogo ukiubonyeza. Hata voliboli ya ufukweni hutumia mpira wenye shinikizo la chini kuliko ule wa ukumbini. Uhifadhi kivulini, kwani hewa iliyomo hutanuka juani na mishono hufumuka.

Mkitaka kuongeza kanuni yenu, ongezeni moja tu, mcheze jioni nzima nayo, kisha muulizane baada ya mchezo kama ibaki. Isibadilishwe katikati ya mchezo kwa sababu yoyote, hata kama wote wamekubali, kwa maana anayeongoza na anayefuata hawawezi kuamua kwa utulivu. Iandikeni kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni, ili anayefika kwa mara ya kwanza aisome kabla ya kuuliza.

Wakati unaofaa ni kuanzia saa 10 alasiri baada ya sala hadi karibu na magharibi. Mkimaliza, legezeni kamba na mteremshe nyavu kila siku badala ya kuziacha juu. Jua huchakaza nailoni kabla ya wakati wake, na mbuzi wa jirani wakinaswa usiku watang'oa nguzo mliyoishindilia kwa taabu.